Kupanga nyimbo zako kwa majina ya mitindo midogo bila kujichanganya

Nimetoka kumsaidia jamaa mmoja kupanga maktaba yake ya nyimbo. Faili kibao ziliandikwa "Other" ("mengineyo") mahali pa mtindo, na zingine zilibeba majina sita kwa wimbo mmoja. Kama na wewe ni wa kubishana mpaka usiku kuhusu shoegaze na dream pop, mitindo miwili ya gitaa inayokaribiana, fanya hivi.

1. Nakili faili zote pembeni.

2. Sakinisha MusicBrainz Picard. Ni programu ya bure ya kuandika tagi, yaani maelezo yanayokaa ndani ya faili ya wimbo: msanii, albamu, mtindo. Programu zinazojaza kila kitu kwa kubofya mara moja sitaki hata kuzisikia.

3. Shika chanzo kimoja cha majina. Mimi ni mtu wa tovuti ya Rate Your Music: kila mtindo una maelezo na mzazi wake, yaani mtindo mkubwa ulikotoka, na wasikilizaji hupiga kura albamu iingie wapi. Discogs, hifadhidata ya rekodi mtandaoni, iko vizuri kwa muziki wa elektroniki, maana ndiko ilikoanzia mwaka 2000. Tagi za Last.fm, tovuti ambako wasikilizaji huandika tagi wenyewe, zisome, ila usizivute. Mojawapo ya zinazotumika sana kule ni "seen live", yaani mtu anakuambia alihudhuria onyesho. Muziki wenyewe ukoje, hasemi.

4. Tenganisha majina. Hapa ndipo watu hukesha. Tagi za zamani za MP3, ID3v1, zilihifadhi mtindo kama namba tu kutoka orodha ya majina 80, wimbo mmoja jina moja. Asiyepata pake aliishia "Other". ID3v2, iliyofuata, inakubali neno lolote, ila matoleo yake mawili, 2.3 na 2.4, hayaelewani. 2.4 hutenganisha majina kwa herufi isiyoonekana. Kwenye 2.3, Picard huyaunganisha kwa mkwaju, na kichezaji kisichojua hilo kitakuonyesha "shoegaze/dream pop" kama mtindo mmoja ambao hakuna bendi iliyowahi kuupiga. Anza na 2.4. Hifadhi wimbo mmoja tu, ufungue kwenye simu na kwenye kompyuta, na usiguse nyingine mpaka vyote viwili vionyeshe majina mawili yaliyoachana. Kimoja kikigoma, rudi 2.3, unganisha kwa nukta mkato, kisha ukielekeze kichezaji kukata hapo, kama kinaruhusu. Kama hakiruhusu, tafuta kingine. FLAC, aina ya faili isiyopunguza sauti, haina kero hii: unarudia GENRE, yaani sehemu ya mtindo, utakavyo. Lakini usigeuze MP3 kuwa FLAC eti ukwepe kazi: utapata faili nene yenye sauti ileile.

5. Punguza. Picard huja ikiwa imeruhusu mitindo hadi mitano kwa wimbo. Weka miwili, kisha pitia kwa mkono ubaki na mzazi na mtoto.

6. Tahajia moja. "Lo-Fi", "lo-fi" na "lofi" huweza kukutokea kama makundi matatu.

7. Mtindo wenye albamu chini ya tatu, urudishe kwa mzazi wake. Isipokuwa slowcore. Slowcore yangu ina albamu mbili na haiendi popote.