Somo: kusoma mvua za kale kwa vibonge vya chokaa udongoni

Jamani habari za kutwa, somo nililoahidi ndo hili, lisomeni lote kabla hamjanitumia picha za mawe ya ufuoni.

Mvua ikizama ardhini inabeba kalsiamu, jua likipiga maji yanakauka na chokaa inaganda pale pale yalipoishia. Mvua kidogo, vibonge viko karibu na juu. Mvua ya kutosha, viko chini zaidi. Ikizidi sana yote inaoshwa huoni kitu.

Kwanza pahala. Sisi wa Malindi tumekalia matumbawe, zama za miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, sasa karibu na pwani kila kitu ukikitia ndimu kinatoa povu, maana matumbawe nayo ni chokaa. Mie mwenyewe mara ya kwanza nlijaza mfuko mzima kwa furaha, kuangalia kwa lenzi, matumbawe matupu! Panda bara upande wa Marafa au Sabaki, tafuta ukingo uliokatika wenyewe na umuombe ruhusa mwenye shamba.

Kwangua ukingo kwa jembe upate uso mpya, shusha futi ya kupimia toka juu, andika kila kibonge kiko sentimita ngapi. Hii ndo kazi yenyewe, kibonge bila kina chake ni jiwe tu. Tena angalia kama udongo wa juu umeshachukuliwa na maji maana kina kitakudanganya. Tia ndimu, kikitoa povu ni chokaa.

Vya kupeleka maabara chukua vigumu, vilivyo kwenye kina cha zaidi ya sentimita 50 toka juu, huko hewa ya nje haiingilii sana. Wanapima kaboni-13, yaani kaboni iliyo nzito kidogo, wakiilinganisha na kipimo cha maabara: kilichoota chini ya nyasi za mbugani kinasoma kama +2 kwa elfu, cha msituni karibu -12. Oksijeni nzito ya kibonge nayo inaeleza mvua na joto ila alama za hivyo viwili zimechanganyika, usikimbilie kusema.

MASWALI

– Mwalimu, mie niko Amu (Lamu), vumbi la ukuta wa nyumba ya kale nalo latoa povu, lafaa?
Hapana dadangu, hiyo ni chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, ikikauka ukutani inavuta hewa ya siku hizo. Itakwambia umri wa nyumba, mvua haijui.

– Ndimu zimepanda bei, maji ya betri je?
Wee usithubutu! Yataunguza mikono, na chokaa inageuka jasi juu juu povu linakatika, utasema si chokaa kumbe ndiyo. Tia siki.

– Bibi asema shamba letu lilikuwa msitu mtupu, kibonge kitathibitisha?
Kibonge kikubwa kinajijenga kwa maelfu ya miaka kaka, enzi za bibi ni utando tu wa juu. Hiyo muulize bibi, tena muulize mapema.