Adapta Haibadilishi Umeme: Kwa Mnaorudi Moshi na Arusha na Vifaa vya Marekani

Kama unaishi Marekani au Kanada na Desemba hii unashuka KIA na begi la vifaa vya umeme vya ndugu, soma hapa kabla hujafunga zipu. Mimi nimepoteza draya mbili za nywele, na soketi ya dada yangu imeungua ukutani.

Dada alikuwa anafungua saluni Majengo, Moshi. Akaniomba draya "za Marekani, orijino". Nikanunua mbili za wati 1875, nikamwuliza kijana wa dukani kama zitafanya kazi Tanzania. Akanipa adapta iliyoandikwa kwamba inatumika nchi zaidi ya 150, akasema nikiwa na hiyo nisiwe na wasiwasi. Nikamwamini.

Mtego ndio huo. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu. Umeme wenyewe haiugusi. Ukutani Moshi zinatoka volti 230, draya ile imetengenezwa kwa volti 120 hivi, na adapta inapitisha zote kama zilivyo.

Siku ya kujaribu, dada alichomeka akawasha. Feni ikalia kwa sauti nyembamba, kali, ambayo sijawahi kuisikia kwenye draya. Nyaya za ndani zikapita wekundu zikawa nyeupe, kisha moshi ukatoka mdomoni mwa draya. Adapta ililainika ikagandana na soketi. Tukadhani ile ilikuwa mbovu, tukachomeka ya pili kwa adapta nyingine, kwenye soketi nyingine. Safari hii dada aliwahi kuzima meinswichi, lakini draya ilikuwa imeshakwisha. Fundi alipokuja alibandua adapta kwa bisibisi, vipande vyeusi vya plastiki vikabaki kwenye matundu.

Yeye ndiye aliyenieleza. Volti zikikaribia kuwa maradufu, joto linakaribia mara nne. Draya ile ilikuwa inavuta ampea kama 27 kwenye soketi ya ampea 13. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa ina fuzi ndani kwa ajili ya balaa kama hilo. Adapta yangu haikuwa nayo.

Nilirudi nazo Ohio kudai hela yangu. Wakanionyesha maandishi madogo kwenye mkono wa draya: 125V, 60Hz. Dhamana haihusiki, wakasema. Nikawaambia kijana wenu ndiye aliyenihakikishia, nikaona neno lake halina uzito wowote. Nyumbani muuza duka akikupa neno, kesho utampitia, mtasalimiana, mtamalizana. Huku mtu anakuchangamkia, anakuita rafiki, lakini kinachomfunga ni kilichoandikwa. Simlaumu sana yule kijana. Amekulia kwenye umeme wa aina moja na hajawahi kuhitaji mwingine. Ila usimwulize mtu wa huku habari za umeme wa Tanzania. Uliza kifaa chenyewe.

Kigeuze, usome nyuma. Ikiwa imeandikwa "INPUT: 100-240V, 50/60Hz", adapta inatosha. Chaja za simu na kompyuta mpakato karibu zote ziko hivyo. Ikiwa imeandikwa 110V, 120V au 125V peke yake, usichomeke. Usichomeke hata sekunde moja ya kujaribu. Kaa macho na chochote kinachotoa joto au kuzungusha mota: pasi, jiko la wali, blenda, draya, mashine ya kunyolea. Narudia kwa sababu najua utaambiwa "chomeka tu tuone": adapta haipunguzi volti.

Transfoma ndiyo inayopunguza. Lakini ya kubeba draya ya wati 1875 lazima iwe ya wati zaidi ya hizo, na ni chuma kizito kitakachokula sehemu kubwa ya kilo 23 zako. Tena haibadilishi mzunguko wa umeme: saa ya kuchomeka inayohesabu mizunguko 60 kwa sekunde, ikipewa 50, itachelewa dakika 10 kila saa.

Mlioko Uingereza au Ujerumani, volti zenu ni sawa na za nyumbani. Wa Uingereza hata plagi ni ile ile. Wa Ujerumani mnahitaji adapta tu. Wa Japani mko kwenye volti 100, kwa hiyo yote niliyosema yanawahusu.

Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi, si la kupakiwa. Ya mAh 20,000 haina shida.

Jambo jingine linaloniuma ni kalamu. Sote tumekua tukiona mtu mwenye plagi ya miguu miwili akisukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili yale mawili ya chini yafunguke. Vile vifuniko viliwekwa kumzuia mtoto, na tundu la juu ni la waya wa ardhi. Mwanangu aliyezaliwa huku alimwona mjomba wake akifanya hivyo sebuleni kwake Sakina, Arusha, na jioni nikamkuta amepiga magoti mbele ya soketi, uma mkononi. Nunueni adapta yenye miguu mitatu, na ikiwezekana yenye fuzi. Wajomba zangu, nawaomba, acheni kalamu.

Na ninyi ndugu mnaoagiza: najua mnaamini cha Marekani kinadumu. Kinadumu kwenye umeme wa Marekani. Fundi wenu hawezi "kukibadilisha kidogo" mkakiwasha bila kitu cha kupunguza volti.

Mwezi uliopita mama mdogo ameniomba jiko la wali. Nilimpigia nikamweleza yote haya, akanuna kidogo, akasema kumbe nimekuwa mbahili. Nikamtumia hela. Amenunua la volti 230 dukani Arusha mjini, na Jumapili alinitumia picha ya sufuria imejaa pilau.