Jaribu diski ya flashi yenye zoni kwenye laptopu yako

SSD ya kawaida ina siri nyingi. Flashi huandikwa kwa kurasa ndogo lakini hufutwa kwa bloku nzima, kwa hiyo kidhibiti cha diski huhamishahamisha data chinichini, na programu yako hukwama bila wewe kujua kwa nini. ZNS (Zoned Namespaces), iliyoingia mwaka 2020 kwenye viwango vya NVMe, lugha ambayo kompyuta huzungumza na SSD, inakukabidhi kazi hiyo: diski imegawanywa vipande viitwavyo zoni, unaandika kwa mfululizo ndani ya zoni, na wewe ndiye unayeamua ifutwe lini. Kijana ninayemsaidia hapa Ntinda, Kampala, mwenye programu ya kutunza rekodi za malipo ya simu, alidhani lazima akodi seva kule Namanve kwanza. Wapi! QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima pamoja na diski yake, inatosha.

Hatua ya 1. Weka QEMU kwenye laptopu, na ndani ya mashine ya Linux utakayoiwasha kwa QEMU weka nvme-cli (amri za diski za NVMe) na fio (kipima kasi). Kerneli ya mashine hiyo iwe 5.9 au mpya zaidi. Miongozo ya LightNVM, njia ya zamani ya kazi hii kwenye Linux, iache. Iliondolewa kwenye kerneli 5.15.

Hatua ya 2. Tengeneza faili kwa `truncate -s 4G zns.img`, kisha ongeza haya kwenye amri yako ya QEMU:

```
-drive file=zns.img,id=d1,format=raw,if=none
-device nvme,id=n1,serial=kla01
-device nvme-ns,drive=d1,zoned=true,zoned.zone_size=64M,zoned.zone_capacity=48M,zoned.max_open=8,zoned.max_active=8
```

Hatua ya 3. Hapa ndipo watu hulala macho. Ndani ya mashine ya QEMU, si kwenye laptopu yenyewe, andika `blkzone report /dev/nvme0n1`. Kila zoni itaonyesha `len 0x020000` na `cap 0x018000`, yaani urefu wa 64M lakini nafasi ya 48M tu. Zoni inayofuata inaanzia 64M. Zile 16M za katikati hazina kitu. Jaribu:

```
dd if=/dev/zero of=/dev/nvme0n1 bs=1M count=49 oflag=direct
```

Megabaiti ya 49 itagoma na kusema `Input/output error`. Diski haijaharibika, ni zoni imejaa. Usidhani ni kituko cha QEMU: ZN540 ya Western Digital ina zoni za GiB 2 zenye nafasi ya MiB 1077 tu. Basi programu isome `cap`, isipige hesabu kwa `len`.

`oflag=direct` usiiondoe, maana bila hiyo mpangilio wa kuandika hauna uhakika. Kwenye kerneli iliyo chini ya 6.10, weka pia `mq-deadline`, kipanga foleni cha diski, katika `/sys/block/nvme0n1/queue/scheduler`.

Halafu kuna kikomo cha zoni hai. Ukiacha zoni 8 zimejaa nusunusu, ya tisa itakataliwa. Funga mojawapo kwa `nvme zns finish-zone`, ukijua kwamba hutaiongezea kitu tena mpaka uifute. Na kufuta, tafadhali: `blkzone reset` bila `-o` (pa kuanzia) na `-c` (idadi ya zoni) hufuta diski nzima, wala haikuulizi. Zoni ya pili peke yake ni `blkzone reset -o 0x20000 -c 1 /dev/nvme0n1`.

Hatua ya 4. Pima kasi:

```
fio --name=pima --filename=/dev/nvme0n1 --zonemode=zbd --direct=1 --rw=write --bs=128k --size=1G --max_open_zones=8
```

Namba za QEMU usimwonyeshe bosi. Zinapima laptopu yako.

Hatua ya 5. Kwa programu yako mwenyewe, anza na libzbd, maktaba ya diski zenye zoni. SPDK, maktaba inayoendesha diski moja kwa moja, huipokonya kerneli diski, na zana zote za hapo juu hazitaiona tena. Kama data yako iko kwenye hifadhidata ya RocksDB, tumia ZenFS, programu-jalizi yake ya zoni, usiandike chochote upya.