Namna ya Kuitembelea Watamu kwa Kufuata Maji

Wageni wengi wanaokwenda Watamu, kwenye pwani ya Kenya, hupanga safari yao kwa saa ya ukutani: asubuhi kuogelea, mchana kula, jioni kupanda mtumbwi. Wakifika hukuta bahari imerudi mbali, miamba iko wazi na mwenye mtumbwi amekaa kivulini akingoja. Ratiba ya Watamu hupangwa na maji, na anayetaka kuzifaidi siku mbili za pale yampasa kwanza aulize mwezi umefikia tarehe ngapi.

Kanuni yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, yaani maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa sana mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, hata ikifika wiki moja baadaye, katika siku za maji mafu, mambo huwa yamegeuka: maji yamejaa asubuhi na yamepwa jioni, ila kwa tofauti ndogo. Mvuvi yeyote utakayemsalimu ufukweni atakutajia saa kamili ya siku hiyo. Ukiweza kuchagua msimu, nenda wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kwa kuwa kusi huchafua bahari.

Kutoka Mombasa, panda matatu ya Malindi na ushuke Gede, mwendo wa kilomita zipatazo 100, halafu umalizie kwa tuktuk au bodaboda.

Siku ya bamvua, kunywa chai mapema kijijini kwa mahamri na mbaazi za nazi, kisha ushuke pwani kabla maji hayajamaliza kupwa. Visiwa vidogo vya mawe vilivyomo katika ghuba hufikika kwa miguu wakati huo, na katika vidimbwi vinavyobaki mwambani utaona samaki wadogo na pweza akijibana pangoni. Vaa viatu, kwa sababu mwamba hukata. Eneo hili ni hifadhi ya taifa ya baharini tangu 1968, kwa hiyo usikanyage matumbawe wala usiokote kombe, hata tupu. Maji yakianza kurudi, rudi nayo. Usingoje hadi yakuzunguke.

Jua la mchana lipeleke Gede, ambako hakuna kupwa wala kujaa na miti mikubwa hutia kivuli. Huu ni mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 15 na kuhamwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nakusihi usiupite mbio. Anza na kaburi lenye tarehe, lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399, kisha uende msikiti mkuu na jumba la mfalme, na umalizie katika nyumba za watu, ambazo waliozichimbua walizipa majina ya vitu walivyovikuta ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya taa ya chuma. Mimi hukaa zaidi kwenye visima. Kuchungulia kisima kirefu kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe hunionyesha maisha ya watu wale kuliko kuta zote. Chakula kiache mkobani, maana kima wa pale hawaogopi mtu.

Chakula cha mchana kiwe samaki wa kupaka. Mpishi mzuri hammwagii samaki tui mara moja tu. Humchoma kwanza juu ya makaa, kisha humpaka tui zito lililotiwa ndimu au ukwaju, akimgeuza na kumpaka tena mpaka tui ligande na kuanza kuungua kidogo pembeni. Kwa hiyo uliza leo wamevua nini, changu, tafi au kolekole, uagize mapema pamoja na wali wa nazi, na usimharakishe. Pizza na aiskrimu nazo zipo kwa wingi, kwa kuwa Waitaliano wamekaa Watamu na Malindi kwa miaka mingi, lakini hizo zinaweza kungoja usiku.

Jioni ya bamvua ni ya Mida, hori la bahari lenye mikoko karibu na Watamu. Maji yanapojaa, mtumbwi hupenya katikati ya mikoko mahali ambapo asubuhi palikuwa tope tupu. Siku za maji mafu fanya kinyume: ogelea asubuhi, na jioni nenda Mida kutazama ndege wanaoshuka kula kwenye tope lililofunuka, wakiwemo wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kwa vyovyote vile, malizia Dabaso, kwenye Crab Shack, mkahawa wa kikundi cha wenyeji uliosimama juu ya nguzo kati ya mikoko. Agiza sambusa za kaa kabla hujapanda mtumbwi, ili zikatolewe mafutani unaporudi na jua likiwa bado halijazama.