Mgeni rasmi akituma mwakilishi

Mwanafunzi mwenzangu wa uhusiano wa umma unayekwenda mafunzo kwa vitendo: ukipangiwa mapokezi kwenye hafla ya serikali, jiandae kwa mwakilishi. Kaalikwa Mkuu wa Mkoa, asubuhi anashuka Mkuu wa Wilaya kwa niaba yake. Ni kawaida kabisa. Beba vibao vitupu vya majina na kalamu ya wino mzito. Mapema asubuhi mpigie msaidizi wa mgeni, uliza jina kamili na cheo, andika, kisha mpelekee mshereheshaji kabla hajashika kipaza sauti. Cheo kikikosewa mbele ya meza kuu, watu watazungumzia hilo tu. Wapiga picha nao wape jina hilohilo, maana litaingia kwenye taarifa kwa vyombo vya habari.