Jinsi ya kuwafundisha wahudumu wa afya kuhusu ugonjwa wa ini unaotokana na pombe

Mafunzo mengi huanza na picha za ini lililojaa makovu. Mimi huanza na swali la pombe, kwa sababu mgonjwa akishafika kituoni macho ni ya manjano na tumbo limejaa maji, tumechelewa sana. Ini huumia kimya kimya: kwanza hujaa mafuta, kisha huvimba, kisha huota makovu. Mafuta yanaweza kuisha ndani ya wiki chache mtu akiacha kunywa. Hapo ndipo nataka muuguzi na afisa tabibu wa Kituo cha Afya III au IV, vituo vya ngazi ya chini ya hospitali hapa Uganda, wamkute.

Hatua ya 1: Pimeni kwa mikono. Leta chupa tupu ya waragi (pombe kali ya Uganda) ya mililita 200, chupa ya bia, kikombe cha plastiki kiitwacho tumpeco na sirinji kubwa. Washiriki wajaze maji na kupima, kisha wakokotoe: mililita × asilimia ya kilevi ÷ 100 × 0.8; jibu ni gramu za kilevi. Waragi wa 40% katika ile chupa ndogo ni gramu 64. Bia ya mililita 500 yenye 5% ni gramu 20. Kipimo kimoja cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni gramu 10, kwa hiyo anayesema "kachupa kamoja tu jioni" amekunywa vipimo zaidi ya sita. Usiharakishe hapa.

Malwa, pombe ya ulezi, ni kazi zaidi, maana chungu ni kimoja, mirija ni mingi na maji ya moto huongezwa kila mara. Uliza anakaa chunguni saa ngapi, na siku ngapi kwa wiki. Waragi wa kienyeji nao nguvu yake haitabiriki. Andika chombo na idadi.

Hatua ya 2: Zoezi la kuuliza. Wawili wawili, mmoja awe mgonjwa. Tumia AUDIT, dodoso la WHO la unywaji pombe: maswali 10, alama 8 na zaidi ni dalili ya hatari. Foleni ikiwa ndefu, matatu ya mwanzo yanatosha kuanzia. Swali liwe la heshima, faraghani, si mbele ya mkwe: "Mzee, kwa wiki ya kawaida pombe unakunywa siku ngapi?" Neno "mlevi" lisiandikwe kwenye faili. Mgonjwa aliyeaibishwa harudi.

Hatua ya 3: Msisingizie pombe kila kitu. Kila mmoja apimwe homa ya ini B. Kandokando ya Ziwa Albert na Ziwa Victoria kuna kichocho, kinachoweza kumtapisha mtu damu ilhali ini lake bado linafanya kazi vizuri. Katika kipimo cha damu cha vimeng'enya vya ini, AST ikizidi ALT mara mbili, fikiria pombe; AST ikipita 400, tafuta sababu nyingine pia, zikiwemo dawa za mitishamba.

Hatua ya 4: Dharura. Kwa mnywaji wa kila siku aliyeacha ghafla, kutetemeka huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Thiamini (vitamini B1) itangulie glukosi. Maji ya tumboni yapimwe: nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) 250 au zaidi kwa milimita moja ya ujazo ni maambukizi, anza antibayotiki. Anayetapika damu au kuchanganyikiwa apewe rufaa mara moja. Na tafadhali, msimnyime protini. Anahitaji mayai, maharagwe na mukene (dagaa) kuliko mtu mzima wa afya.

Hatua ya 5: Rudi baada ya mwezi. Fungueni mafaili pamoja. Palipoandikwa "anakunywa kiasi", aliyeandika amwite mgonjwa tena, amuulize chombo gani, vingapi, siku ngapi.