Namna ya kubishana nani wakali wa muda wote UConn bila kuongea pumba

Wadau, huu ubishi wa wakali wa muda wote wa kikapu pale Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, sisi Wabongo tunauingilia kupitia mtu mmoja tu, Hasheem Thabeet, na ndo maana unaharibika mapema. Huyu anasema Thabeet namba moja kwa vile ni mtoto wa Dar, yule anasema asitajwe kabisa kwa vile NBA alichemka, na hapo wote wawili hamna aliyejibu swali.

Kwa hiyo kabla hujataja jina lolote, kubalianeni swali lenyewe. Tunampima mtu akiwa na jezi ya chuo au tunampima maisha yake yote ya kikapu? Mi nasema jezi ya chuo, basi. Ukiruhusu NBA iingie, Ray Allen anapanda mpaka juu bila jasho, wakati kiukweli akiwa UConn (1993 mpaka 1996) hakuwahi kufika nne bora (Final Four, nusu fainali za ubingwa wa taifa wa vyuo) hata mara moja. Alikuwa hatari sana, 1996 ndo alikuwa mchezaji bora wa ligi ya Big East na lile shuti lake la fainali ya ligi dhidi ya Georgetown ya Iverson, 75-74, bado linazungumzwa, ila ile mipira ya pointi tatu aliyopiga NBA akiwa Miami usiilete hapa, hiyo ni listi nyingine. Alafu semeni mapema ni wanaume tu, maana mkichanganya na wadada Breanna Stewart anakuja na makombe manne mfululizo, 2013 mpaka 2016, na kila mwaka yeye ndo mchezaji bora wa nne bora, ubishi unaishia hapohapo watu wakalale.

Mtu akikutupia jumla ya pointi, muulize alicheza misimu mingapi. Chris Smith ndo anaongoza UConn kwa pointi 2,145, sawa, ila alikaa miaka minne. Richard "Rip" Hamilton alipata 2,036 kwa miaka mitatu tu na akaondoka na kombe la taifa la 1999, lile la kwanza kabisa la wanaume wa chuo, fainali aliwafunga Duke pointi 27 kwenye ushindi wa 77-74. Sasa nani mkubwa hapo? Jumla peke yake inakudanganya.

Ukitaka kumnyamazisha mtu, njoo na mechi, usije na wastani. Mfano Kemba Walker, Machi 2011. UConn wamemaliza Big East wakiwa 9-9, hamna anayewahesabu, wanaingia ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwenye mashindano ya ligi na wanashinda mechi tano ndani ya siku tano. Robo fainali na Pittsburgh ngoma iko 74-74, sekunde zinaisha, Kemba anajikuta amekabwa na Gary McGhee ambaye ni senta, jitu refu kweli, anamwingia kidogo kisha anarudi nyuma ghafla, McGhee anaenda chini, Kemba anapiga, imeisha 76-74. Baada ya hapo hawakufungwa tena, wakabeba na ubingwa wa taifa. Mwambie mpinzani wako alete mechi ya mtu wake inayofika hapo, utaona anaanza kutafuta simu.

Ila jiandae, mjanja atakujibu kwa Shabazz Napier. Huyo ana makombe mawili, na chuo kilipofungiwa mashindano ya 2013 kwa matokeo mabovu ya darasani yeye alibaki, mwaka uliofuata akawapeleka mpaka wakaipiga Kentucky 60-54 fainali. Jibu langu ni kwamba lile kombe la 2011 bosi alikuwa Kemba, Napier alikuwa mwaka wa kwanza, so usimhesabie mara mbili. Watakuja na timu za 2023 na 2024 pia, zilizobeba ubingwa wa taifa, Adama Sanogo wa Mali na Tristen Newton, hao waheshimu, ila timu zile mzigo walikuwa wanagawana.

Turudi kwa Thabeet sasa. Usimlinganishe na Kemba, mlinganishe na senta mwenzake, Emeka Okafor. Wote miaka mitatu, wote walichukuliwa namba mbili kwenye drafti (NBA inavyochagua wachezaji wapya), bloku Okafor 441, Thabeet 417. Thabeet 2009 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East na DeJuan Blair (yuleyule aliyembeba mgongoni akamtupa chini, video mnaijua), na timu ikafika nne bora, Michigan State wakawatoa. Okafor nusu fainali ya 2004 alikaa benchi karibu kipindi chote cha kwanza kwa faulo, kipindi cha pili akapiga pointi 18, Duke wakalala 79-78, kisha fainali na Georgia Tech akaweka 24 na ribaundi 15.

Listi yangu: Kemba, Okafor, Rip, Napier, Ray Allen, Donyell Marshall (fowadi wa mwanzoni mwa miaka ya 90), Thabeet. Thabeet namba saba, na simshushi hapo kwa habari za Memphis, timu yake ya kwanza NBA. Anayemtaka juu ya Okafor aje kwanza na jibu la ile wikiendi ya 2004.